Kabla kidole tumbo hakijatupwa

Katika maabara yetu hapa Lubumbashi, ndugu wa wagonjwa huuliza swali lile lile: ni nini kilichomfanya mtoto wetu apasuliwe kidole tumbo usiku? Wengi hutaja mbegu za mapera au mchanga ulioingia katika bukari (ugali), na wapo wanaomshuku jirani. Siwalaumu, kwa maana aliyelipia upasuaji ana haki ya kujua.

Leo nimepokea kidole tumbo cha kijana mmoja, kilicholetwa na mama yake katika kichupa cha formoli, dawa ya kuhifadhi viungo visioze. Kilikuwa kimevimba, na ncha yake ilifunikwa na utando wa usaha. Nilipokikata karibu na shina, kisu kiligota kwenye kinyesi kilichokauka hadi kuwa kigumu kama kokoto, nacho kilikuwa kimeziba njia yote. Hicho ndicho kisababishi kinachotajwa sana: njia ikizibwa, ute hukosa pa kutokea, shinikizo hupanda, damu haifiki vizuri ukutani, na bakteria hupata nafasi ya kushambulia.

Kwa watoto na vijana, mara nyingi kinachoziba ni tishu za kinga za ukuta wenyewe, zikivimba baada ya maambukizi mengine. Hata hivyo, sampuli nyingi hazionyeshi kizibo chochote, na hapo inatupasa kuandika hivyo bila kubuni sababu. Hata minyoo midogo myeupe isituharakishe kuilaumu, kwani mara nyingi tunaikuta ndani huku ukuta ukiwa mzima.

Kinachonigusa zaidi ni mayai ya kichocho, ugonjwa uliopo huku kwetu Katanga. Chini ya hadubini, yai huonekana limezingirwa na seli za kinga na kovu, mwiba wake ukiwa ubavuni au mwishoni kulingana na aina ya kichocho. Upasuaji hauondoi minyoo ya kichocho inayotaga mayai hayo, kwani huishi katika mishipa ya damu. Mgonjwa anahitaji prazikwanteli, dawa ya kuua minyoo hiyo, na bila jibu la maabara angerudi nyumbani akidhani amepona kabisa. Jibu la maabara hufichua pia kifua kikuu cha utumbo, na uvimbe mdogo wa manjano kwenye ncha, unaoweza kuwa saratani, ambao daktari wa upasuaji anaweza asiuone.

Kwa hiyo huniuma kusikia kwamba kidole tumbo kimetupwa kwa sababu familia haikuweza kulipia uchunguzi. Natamani bei ya upasuaji ijumuishe uchunguzi huo tangu mwanzo, na pasipowezekana, daktari angalau akipasue kwa urefu, aangalie ndani, na kuandika alichokiona katika fishi ya mgonjwa.