Ati naishi kama mkimbizi

Juzi usiku mdogo wangu kanipigia video kutoka Mbeya. Kwao saa nne, huku Lubumbashi, Kongo, saa tatu, mimi ndiyo kwanza nimetoka sokoni miguu inawaka moto. Kabla hata hajawaulizia watoto akaanza kukagua nyumba. "Dada, hayo makopo yote hapo nyuma ya nini? Na hilo pazia si mifuko ya mchele?"

Ni mifuko ya mchele, ndiyo. Nimeifumua, nimeifua, nimeiunga kwa mkono, na imekaa kwenye dirisha la jikoni tangu mvua za mwaka jana. Hewa inapita, nzi hapiti. Akacheka, akamwita na mkewe aje aone. "Yaani mtu anauza mchele kwa dola halafu anaishi kama mkimbizi!" Na hapo hapo, bila hata kumeza mate, akaniomba dola 300.

Nimekaa na hilo neno siku nzima leo nikiwa kwenye meza yangu soko la Kenya. (Kenya ya huku ni sehemu ya Lubumbashi, msije mkanitafuta Nairobi.) Wateja wamenipata nina sura ya kodi. Sasa naandika, na najua atasoma, kwa sababu kwenye simu huwa haishiwi bando hata anapoishiwa unga.

Hizo dola 300 ni za kausha damu. Mlioko nyumbani sina haja ya kuwaeleza. Alikopa laki tano, marejesho 25,000 kila siku kwa siku 30, hesabu fanyeni wenyewe. Na alikopa kwa ajili ya nini? Angekuwa na mgonjwa, au ada, au mtaji, ningenyamaza. Alinunua sofa. Lile la kona, la kijivu, ambalo mtoto akishika glasi ya maji anafukuzwa nje. Bodaboda ikayumba, akakopa kwenye simu alipe deni la kwanza. Na ile orodha ya Benki Kuu ya Novemba 2024, zile programu 69 za mikopo zilizofungiwa kwa kukosa leseni, aliitupia yeye mwenyewe kwenye grupu la familia akaandika "ndugu tuwe makini". Sikumtumia. Nimemwambia auze sofa, amlipe mtu, halafu aende Kyela anitafutie mchele mzuri, kila gunia atakaloleta lina chake. Amekaa kimya. Mkewe ndiye aliyeniuliza bei ya gunia, kwa hiyo huenda kuna mtu mwenye akili humo ndani.

Hayo yake. Mimi nataka niwaeleze jinsi watu wanavyoishi huku, maana huko nyumbani mkisikia Katanga, upande wetu huu wa Kongo, mnaona shaba na kobalti tu, mnadhani kila mtu anaoga dola.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mzee aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Wazee wa aina yake ukiwasikiliza, walikuwa wanapewa nyumba, shule, hospitali, hadi unga wa familia nzima. Kampuni ilikuwa baba na mama. Kisha ikaanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mkupuo, mpango ukaitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari gani, anauliza mzee, wakati mishahara ilikuwa haitoki miezi na miezi? Kabla ya hapo alishakiona cha moto upande wa pesa yenyewe. Oktoba 1993 zaire milioni 3 za zamani zikageuzwa kuwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Akiba aliyokuwa ameiweka kwa harusi ya binti yake, anasema, ilimtosha kununua sabuni. Mtu aliyepita hapo usimfundishe akiba ya noti. Akipata kitu ananunua mabati mawili, mfuko wa saruji, anaweka chini ya kitanda. Na hatupi kitu.

Siku nilipotaka kutupa dumu la lita 20 lililopasuka, alikuja mbio mpaka mlangoni.

"Mama Tanzania, ile bidoni unatupa juu ya nini?"

"Imetoboka, mzee."

"Imetoboka chini. Juu iko muzima."

Akalichukua, akalikata kwa kisu alichokipasha moto. Kipande cha juu chenye mdomo kikawa mrija mkubwa wa kumiminia mchele kwenye mifuko midogo, nautumia hadi leo pale sokoni, sijamwaga punje. Chini, palipotoboka, akatia udongo, nikaotesha lengalenga, yaani mchicha. Tundu lenyewe ndilo linalotoa maji yasituame. Mpini alikwenda nao, sijui wa kazi gani.

Majiko ya mkaa huku wanayaita mbabula, na ukipita kwa mafundi masikio yanaziba kwa nyundo. Wanagonga mapipa chakavu na mabati ya magari yaliyokufa, na hapo hapo unaona bodi la gari likigeuka jiko. Langu limebadilishwa kitako mara nyingi kuliko nilivyobadilisha viatu. Kitako kikila kutu fundi anakata cha chuma kizito zaidi, anakunja masikio manne, unampa faranga zake unaondoka. Ukimwambia unataka jiko jipya anakutazama kama umetukana.

Mkaa ndio unaomaliza watu hapa, hasa mvua zikianza, maana unaloa na barabara za kuutoa porini zinakatika. Kichekesho ni kwamba nyaya kubwa za umeme kutoka bwawa la Inga zinakimbia kilometa 1,700 hivi mpaka Kolwezi, huku huku Katanga, tangu mwaka 1982, na sisi tulio kwenye mkoa wa shaba tunapika kwa mkaa na kuchaji simu usiku wa manane umeme ukirudi. Basi tumejifunza. Chenga za mkaa zilizobaki chini ya gunia hazitupwi. Unazitwanga, unachanganya na udongo wa kichuguu (vichuguu vya huku vinazidi nyumba, ndivyo watu wanavyofyatulia matofali), maji kidogo, unafinyanga madonge ukubwa wa ngumi, unaanika juani mpaka yakauke kabisa. Hayawaki haraka na hayana moto wa kukaangia samaki, lakini kwa kitu cha kuchemka taratibu hakuna mfano.

Na maharage mimi siyapikii mkaa zaidi ya nusu saa. Nayaloweka usiku. Asubuhi nayachemsha yachemke kweli kweli, yaruke, dakika 20 hivi, mfuniko juu. Halafu sufuria inaingia kwenye gunia nililolijaza vipande vya vitambaa vya fundi cherehani, vile anavyofagia jioni, nalifunga mdomo, na blanketi kuukuu juu. Naondoka kwenda sokoni. Nikirudi mchana yameiva, sufuria bado huwezi kuishika kwa mkono mtupu. Yanarudi motoni mpaka yachemke tena, natia kitunguu na nyanya, basi. Wale wa kufunua funua wakiangalia kama yameiva wasijaribu, joto likishatoka halirudi. Na msiruke ule mchemko wa kwanza, maharage mekundu yakiivia kwenye uvuguvugu tu yanaumiza tumbo vibaya.

Hilo gunia ndilo mdogo wangu aliloliona kwenye video akauliza kama ni kitanda cha mbwa.

Kuna kitu kimoja tu ambacho huku sirudii kutumia hata nikipewa bure, na wageni wengi hawajui. Mapipa ya plastiki ya buluu na madumu yanayotoka upande wa migodi. Huko wanatumia asidi na madawa ya kila aina kutoa shaba kwenye mawe, na chombo kikishamaliza kazi kinajikuta sokoni, kimeoshwa kinang'aa, bei rahisi. Muuzaji atakuapia kilikuwa na sabuni. Kwa maji ya kunywa, kwa unga, kwa munkoyo (kinywaji cha unga wa mahindi cha huku), hapana. Kusuuza mara kumi hakutoi kitu kilichokwisha kuingia kwenye plastiki, na pua haitakuambia. Nunua lililotoka na mafuta ya kula, unayaona mafuta yenyewe.

Sasa madeni. Msidhani watu wa hapa ni malaika. Kuna mkopo wa mtaani wanauita Banki Lambert, na hauhusiani na benki yoyote. Ni mtu tu, anaweza kuwa jirani, anaweza kuwa mama wa kanisani. Unachukua 100, mwisho wa mwezi unarudisha hata 150, umeacha televisheni au simu kwake. Kausha damu anamwita shangazi. Tofauti niliyoiona ni watu wanakopa kwa sababu ya nini. Kwenye msiba wanakopa. Matanga ya hapa ni siku na siku za kulisha watu, na ukoo ukikutazama utatoa tu. Nguo pia zinawashinda, siwafichi. Mama aliyepika asubuhi kwenye mbabula yenye viraka, Jumapili utamkuta kwenye kitenge cha waksi, kilemba, viatu, unajiuliza kama ni yule yule. Na chupa ya bia ya Simba jioni haikosi. Lakini kukopa kula, au kukopa kupamba sebule? Niliposimulia habari ya sofa, mwenzangu wa meza ya pili sokoni, muuza kapenta (dagaa), aliacha hata kupima. "Shiye hatukamate deni ya kula bukari. Mwezi haiyaisha, bukari iliisha zamani." Shiye ni sisi, na bukari ni ugali, kwa wasiojua. Sofa hakulitaja kabisa, nadhani hakuamini.

Badala yake kuna likelemba, ambao ni upatu wetu ule ule, ila hapa wauza soko wanachanga kila siku na si kila mwezi, na zamu inazunguka haraka. Kuna na karte. Anapita mkusanyaji na kadi yenye vyumba 31, kila siku unampa kiasi kile kile, anaweka alama. Mwisho wa mwezi anakurudishia chako, chumba kimoja ni chake. Ukiitazama kwa hesabu ya shule ni upuuzi, unalipa mtu akutunzie pesa yako mwenyewe. Mimi nilipiga kelele sana mwanzoni. Lakini fikiria pesa inalala wapi usiku: ndani ya nyumba ambayo kila mtu anajua umeuza. Chumba kimoja kati ya 31 nakitoa roho safi, mradi mkusanyaji ni mtu ambaye meza nne tano pale sokoni zinamjua na zinajua kwao. Wanaokimbia na kadi za watu nao wapo.

Leo nimeusifu mji huu kupita kiasi, sababu nina hasira na ndugu yangu. Kesho mkiniuliza wakati maji yamekata na mwenye nyumba yuko mlangoni nitawaambia mengine. Pango ni dola. Dhamana ya nyumba, garantie, sheria ya Desemba 2015 inasema isizidi miezi 3 kwa nyumba ya kuishi, na wa kwangu alitaka 6 akanionyesha na wengine wawili wanaoisubiri. Nililipa kwa mchele nusu, kwa noti nusu, kwa kuwa mkewe alipenda harufu ya Kyela. Shule ni dola. Na kwa kuwa hujui faranga itaamkaje, bei ya jana si ya leo, nyie mnaolalamikia shilingi njooni mkae wiki.

Wadogo zangu mnaoniandikia kila siku "dada kuna mchongo huko?", tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 mnadhani ni kama kwenda Mombasa. Mchongo upo kwa mtu mwenye bidhaa au ufundi. Fundi magari mzuri wa malori hatalala njaa hapa. Lakini usije kwa mkopo. Nimewaona vijana waliokopa nauli na mtaji Tunduma, wakavuka Zambia yote, mzigo ukakaa Kasumbalesa wiki mbili kwenye foleni na makaratasi, na marejesho ya nyumbani hayajui kama kuna foleni. Wanauza mzigo kwa bei ya hasara pale pale mpakani, wanarudi. Subiri mwaka, uza pikipiki, lima viazi, njoo na chako hata kiwe kidogo.

Na hicho kidogo kikague noti kwa noti kabla ya kupanda gari. Dola yenye mchaniko hata wa ukucha pembeni, au iliyoandikwa kwa peni, hapokei mtu huku, na mbadilishaji wa barabarani ataitaka kwa bei ya kukuonea huruma. Za miaka ya zamani nazo wanazigeuza geuza. Wengi wenu mnazikunja nne mnaficha kwenye soksi, kilometa zote hizo na jasho, zikifika zimeanza kukatika kwenye mkunjo. Ziweke bapa katikati ya daftari gumu, daftari lishone ndani ya nguo.