Vijembe Nisivyovipiga

Shoga yangu mmoja, tukikutana harusini na pana mgeni, hunitambulisha hivi: "Huyu mwenzenu vijembe hapigi, anavikusanya." Mgeni hucheka, kisha huniangalia mara ya pili. Mshona nguo, mama mzima mwenye wajukuu wawili, na chini ya kitanda chake kuna mkebe wa biskuti wenye visu 31 vya kukunja! Nimeshazoea. Ila wasiojua wajue: kijembe kabla ya kumchoma mtu moyo kilikuwa kisu kidogo tu, cha kuchongea kalamu. Mimi nimo kwenye hicho.

Cha kwanza sikukinunua. Kilikuwa cha babu, mzaa baba, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Mji wa Kale, Mombasa. Wenzangu walikuwa wakitazama bakora yake. Mimi nilikuwa nikitazama mkono wa kulia siku anapochonga kalamu. Huchagua mwanzi mkavu, akaukata mshazari kwa kengee kubwa (kengee ndiyo ile bapa ya kisu yenye makali). Kisha huikunja hiyo, akatia ukucha wa gumba kwenye kijifuo cha kengee ndogo na kuifungua. Kazi yenyewe ilikuwa ya ile ndogo. Hupasua ufa katikati ya ulimi wa kalamu, akailaza ncha juu ya kipande cha pembe, akakandamiza mara moja. Tak. Ncha imekatika sawasawa, na wino utashuka. Kwa kalamu hizo aliandika pia makombe: zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa.

Babu alifariki 1986. Kisu kikaenda kwa baba, fundi umeme, naye akakitumia kumenyea machungwa na kukwangulia nyaya. Baba naye alipoondoka, ndugu zangu walitaka redio na baiskeli. Mimi nikaomba kisu. Hakuna aliyebisha.

Usiku wa kwanza nilikichukua hadi kwenye cherehani, nikawasha taa, nikakitazama kwa kile kioo cha kukuzia ninachotungia uzi. Mpini ni pembe nyeusi ya nyati, na kwenye kila ncha pana noleo la madini meupe yanayojifanya fedha. Pale kengee inapoingia kwenye mpini pamegongwa nyota, msalaba, na jina Joseph Rodgers & Sons, Sheffield, yaani kiwanda cha visu cha mji huo wa Uingereza. Baadaye nikajua kwamba nyota na msalaba ule ni alama iliyotolewa huko Sheffield mwaka 1682. Hesabu hiyo huipigia hapa kwetu: 1682 Fort Jesus bado i mikononi mwa Wareno.

Raha ya mambo haya ni kusoma kisu kama unavyosoma barua isiyo na tarehe. Maandishi ya kisu cha babu yanasema hao ni mafundi visu wa Mfalme. Malkia Victoria alitawala toka 1837 hadi 1901, na visu vya kiwanda hicho vya enzi yake huwa na herufi V na R, katikati taji. Kwa hiyo changu ni cha kabla yake au cha baada yake. Kabla yake hakiwezi, maana chini pana neno ENGLAND, na jina la nchi lilikuja kuwa kawaida baada ya Marekani kupitisha sheria ya ushuru ya 1890 iliyotaka bidhaa za nje zionyeshe zilikotoka. Basi ni baada ya 1901. Na upande wa pili, baba alizaliwa 1938 na alikuwa akisema kisu alikikuta ndani ya nyumba. Hapo nimekibana kwenye miaka thelathini na kitu. Chuma chake hushika kutu ukikitazama vibaya, lakini hilo halinisaidii sana. Ni kweli Harry Brearley alipata chuma kisichoshika kutu mwaka 1913, mjini humohumo Sheffield, ila mafundi wengi waliendelea na chuma cha zamani miaka mingi baada yake, kwa sababu kilinoleka vizuri. Nami nawaunga mkono.

Kiwanda hicho, kwa njia, kilikuwa na majivuno. Kwenye maonyesho makubwa ya London ya 1851 walipeleka kisu kimoja cha kukunja chenye kengee na vifaa 75. Kinahifadhiwa mpaka leo. Cha kukitia mfukoni sijui ungevaa suruali gani.

Majivuno yao yaliwaletea waigaji, na mmoja wa waigaji hao alinikamata mimi. Miaka michache baada ya cha babu, muuzaji mmoja wa vitu vya kale alinifungulia kitambaa, ndani kisu kizuri, mpini wa mfupa wenye rangi ya asali. Nikaona nyota, nikaona R, moyo ukanienda mbio, nikatoa shilingi 1,500 bila hata kupatana. Nyumbani, chini ya kioo, nikasoma herufi moja moja: ROGERS. Hakuna D. Na nyota haina msalaba. Nilikaa nacho mkononi mpaka chai ikapoa.

Toka hapo sinunui kwa macho. Nafungua na kufunga, nasikiliza. Kisu ambacho springi yake ni nzima hufunga kwa sauti moja kavu, kilichochoka hunong'ona. Naangalia kama kengee inacheza kushoto na kulia. Naangalia kama imekwisha kwa kinoo, na hapa natofautiana na wakusanyaji wengi. Wao wanataka kisu ambacho hakijawahi kukata kitu. Mimi kengee iliyoliwa na kinoo mpaka ikawa nyembamba kama mwezi mchanga ndiyo inayonipa hamu, maana najua pana mtu aliyekaa barazani miaka akiinoa. Na tafadhali, mtu akirithi kisu cha namna hii asikisugue kwa steelwire mpaka king'ae. Ule weusi wa chuma ni umri wake. Kifute kwa kitambaa, kitie tone la mafuta ya cherehani pale kinapokunjia, ukiache.

Kwetu pwani adui ni hewa ya chumvi. Ndani ya mkebe nimeweka vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu vipya. Adui wa pili sikumjua mpaka aliponitia hasara. Nilikuwa na kisu chenye mpini wa plastiki ya kale, seluloidi, uliotiwa madoa ufanane na gamba la ng'amba. Kizuri ajabu. Plastiki ile ikizeeka huoza na kutoa mvuke, na mvuke huo hula chuma. Nilifungua mkebe baada ya mfungo, nikakuta jirani zake wawili wamechimbika kutu. Sasa anakaa peke yake kwenye kopo la maziwa, dirishani.

Okapi, aina ya kisu cha kukunja, ninazo nne, na hizi si ghali wala si adimu, ila hazitoki. Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori la masafa, na okapi yake ilikata kamba, nyama na mirungi. Mpini wa mbao, mwezi na nyota za rangi ya shaba zimetiwa ndani yake; utotoni niliamini kabisa kwamba visu hivi vilitengenezwa kwa ajili ya Waislamu. Kumbe vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, vikikusudiwa makoloni yao ya Afrika, mwaka mmoja tu baada ya wataalamu wa Ulaya kumpa jina mnyama okapi wa misitu ya Kongo. Tangu 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Ya mjomba ina pete nyuma, na ukiifungua inalia krrr, krrr, jino baada ya jino. Sauti hiyo ilikuwa ikitosha kumaliza ugomvi kituo cha mafuta, alivyodai yeye.

Lakini kisu ninachokifikiria zaidi sinacho. Mwaka juzi kijana mmoja anayechambua mitumba soko la Kongowea, ambaye huniwekea vitu, alinijia na kijembe kidogo kama kidole changu cha mwisho. Kengee mbili, springi safi, mpini mweupe unaoelekea umanjano.

"Mama, hiki ni mfupa tu."

Nikakipeleka kwenye kioo. Mfupa huwa na vidoa na vistari vifupi vyeusi, njia za damu za mnyama. Hapa havikuwapo. Nikakigeuza nitazame ncha ya mpini, na pale nikaona mistari myembamba inayopishana, kama ukili uliosukwa. Nikakiweka mezani.

"Mwanangu, hii ni pembe ya ndovu."

Mwaka 1989 nilikuwa darasani Rais Moi alipowasha moto tani 12 za pembe Nairobi. Mwalimu alituletea gazeti. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haiulizi kisu chako kina miaka mingapi, inauliza kibali kiko wapi. Nilimwambia akipeleke kwa watu wa wanyamapori mwenyewe kabla hakijapatikana mfukoni mwake. Akanitazama kama ninayetaka kushusha bei. Alikikunja katika karatasi, akaondoka, na vitu vyake siku hizi haniletei.

Ninachofikiria ni njia iliyopita. Karne ya 19 pembe za bara zilishuka mabegani mwa wapagazi hadi pwani, zikavuka Unguja, zikapakiwa melini, na Sheffield ilikuwa mji wenye njaa kubwa ya pembe. Huenda jino lile lilipita hapahapa baharini likienda, likarudi limekuwa mpini wa kisu cha kuchongea kalamu, tena ndani ya robota la nguo kuukuu.

Mwezi uliopita mtoto wa ndugu yangu, miaka kumi na mitatu, alianza kujifunza khati, ule uandishi wa madaha wa herufi za Kiarabu. Kalamu za dukani zinamwagia wino. Nikatoa kisu cha babu. Kengee ndogo sikuwa nimeinoa toka nikirithi. Nikaipitisha kwenye kinoo mara chache, nikakata mwanzi mshazari, nikapasua ufa. Ya kwanza ikapasuka yote. Ya pili pia. Ya tatu akaitia wino, akaandika alif moja ndefu, akainyamazia.

Ameondoka na kalamu, na kisu pia. Mkebeni pamebaki nafasi moja. Nimeijaza kwa ile ROGERS ya shilingi 1,500.