Noti za elfu mbili na mkopo wa nyumba wa miaka 15

Machi 2014 nilikwenda benki kuchukua taarifa ya mkopo wetu, nikadhani mashine imekosea. Mwaka mzima tulikuwa tumelipa shilingi 923,400 kila mwezi bila kuchelewa hata mara moja, jumla milioni 11 na ushee. Deni letu la milioni 60 lilikuwa limeshuka hadi milioni 59 na elfu 47. Nikamuuliza dada wa kaunta hizo hela nyingine zimekwenda wapi. Akashusha sauti: "Riba, mama."

Mimi ni muuguzi. Majibu ya namna hiyo nimezoea kuyatoa, si kuyapokea.

Mkopo ulikuwa wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka. Nyumba ni ya vyumba vitatu, Kigamboni, bei milioni 75; sisi tulitoa 15, benki ikatoa zilizobaki na kushika hati. Wakati huo mikopo mirefu ya nyumba ilikuwa bado ngeni mjini. TMRC, kampuni inayoyapa mabenki fedha za mikopo ya aina hii, ilikuwa imeanzishwa 2010 tu, na wenzangu wodini walinishangaa. Kwao nyumba hujengwa kidogo kidogo: mwaka huu tofali, mwakani bati, dirisha Mungu akipenda. Mama mkwe, mtu wa Pangani, hakutaka hata kulisikia neno riba, na kwa miezi kadhaa akija kututembelea alikuwa anaswali barazani. Mwenyewe alisema ni kwa sababu ya upepo.

Siku ile niliomba kuonana na afisa mikopo. Akanifungulia jedwali la marejesho kwenye kompyuta, na nusu saa hiyo ndiyo iliyonifundisha. Rejesho la kwanza kabisa, katika ile 923,400, riba ilikuwa 850,000. Kilichopunguza deni ni 73,400. Benki hupiga riba kwenye salio, na salio la mwanzo ni kubwa, kwa hiyo miaka ya mwanzo unalipia kukaa na deni, hulilipi deni lenyewe. Nikamuuliza: na nikiongeza laki moja kila mwezi juu ya rejesho? Akaingiza namba. Miezi 168 iliyobaki ikawa 121. Karibu miaka minne ikayeyuka kwa laki moja! Hata yeye alirudia kuhesabu.

Mkataba wetu uliruhusu kulipa zaidi bila ada, mradi kila mara isipungue laki tano. Kulimaliza deni lote kabla ya miaka mitano kulikuwa na faini ya asilimia mbili, lakini hilo halikutuhusu. Hatukuwa na hela ya kutuletea tatizo la namna hiyo.

Kwa hiyo ilibidi tukusanye kwa miezi mitatu mitatu. Mume wangu anaendesha folklifti bandarini, na kwa mishahara yetu miwili, rejesho likishakatwa, kilichobaki kilikuwa cha chakula, ada na nauli. Nikaenda Keko nikanunua kibubu cha mbao, kile cha kupigiliwa misumari pande zote chenye tundu la kuingiza noti tu. Sheria ikawa moja: noti yoyote ya elfu mbili itakayoingia mlangoni ni ya kibubu. Haijadiliwi, haikopeshwi, haiendi sokoni.

Kwa nini elfu mbili? Ya elfu kumi ukiizuia utalala njaa. Jero na buku zinaishia kwenye daladala na vocha kabla hujafika nyumbani. Ya elfu mbili iko katikati, inakuja kama chenji, na kuikosa kunauma kidogo tu. Mume wangu aligundua ujanja wake mapema. Akienda dukani kwa Mangi alikuwa anaomba chenji ya mia mbili mbili, mfuko unarudi unalia kama njuga, na ananitazama bila aibu. Nikamwacha. Nilijua na yeye atachoka kubeba vyuma.

Posho yangu ya zamu za usiku nayo ilikwenda huko. Asubuhi nikitoka zamu nilikuwa natembea hadi kwenye pantoni badala ya kupanda bodaboda, na chai nilibeba kwenye chupa kutoka nyumbani. Nikaanza kugandisha barafu za ubuyu kwenye friji, shilingi mia moja moja kwa watoto wa jirani. Barafu hazikunipa faida ya maana, nisidanganye. Ukitoa umeme na sukari inabaki hela ya chumvi. Kilichofanya kazi ni posho na noti za kahawia.

Kibubu cha kwanza tulikifungua mwishoni mwa Juni. Mume wangu alileta nyundo na bisibisi, tukatandika kanga sakafuni, tukawafungia watoto chumbani kwao. Noti zilikuwa zimejikunja kama majani ya chai, nyingine zimeshikana kwa unyevunyevu wa bahari, na moja ilikuwa imetafunwa pembeni na mende. Tukazinyoosha kwa pasi isiyo moto sana. Noti 187, yaani 374,000, na kwa posho tukafikisha laki tano. Septemba tukapeleka laki sita nyingine.

Hapo ndipo nilipopata somo la pili, nalo lilinikera kuliko la kwanza. Nilipochukua taarifa mwishoni mwa Septemba, nikaiweka kando ya lile jedwali la mwanzo. Salio lilifanana hadi shilingi ya mwisho. Kama vile sijawahi kupeleka kitu.

"Hela yako ipo mama, haijapotea," afisa akaniambia. "Imekaa kwenye akaunti kama malipo ya mbele. Ikitokea mwezi mkashindwa, tutakata humo."

Nilikaa kimya nikiogopa nitakachosema. Milioni moja na laki moja, zamu za usiku ngapi zile, imelala kwenye akaunti isiyo na faida wakati riba ya asilimia 17 inaendelea kupigwa kwenye deni zima! Hakuna aliyeniibia. Nilipeleka tu hela bila kusema ikafanye nini.

Tangu siku hiyo kila malipo ya ziada yalikwenda na barua, nakala mbili, moja igongwe muhuri nirudi nayo. Sentensi niliyotumia ni hii, na wengi wameshainakili kwangu: *Naomba kiasi hiki kipunguze salio la mkopo leo, rejesho la mwezi libaki lilivyo, na muda wa mkopo ufupishwe.* Kipande cha mwisho usikisahau. Usipokiandika, benki inaweza kukupunguzia rejesho la mwezi na kuacha miaka ile ile. Utafurahi, maana mwezi umekuwa mwepesi, lakini utaendelea kulipa riba hadi mwaka wa 15. Halafu kabla hujaondoka omba jedwali jipya. Langu nililibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, na kila robo mwaka nililibandika jipya juu ya la zamani. Ile 1,100,000 hatimaye waliihamishia kwenye salio. Riba ya miezi mitatu ya laki tano ya kwanza, kama elfu 21, haikurudi.

Mwaka 2016 daraja la Kigamboni lilifunguliwa na viwanja upande wetu vikaanza kutafutwa. Sisi kiwanja tulikuwa nacho Chanika, tulichonunua kabla ya nyumba, kina majani hadi kiunoni na bikoni moja ya mpaka ambayo jirani alikuwa ameisogeza. Tulibishana mwezi mzima. Mume wangu alisema ardhi haiuzwi. Mimi nilimuuliza kiwanja hicho kinapanda bei asilimia 17 kila mwaka? Maana deni linapanda. Juni tukakiuza milioni tisa, na zote zikaingia kwenye salio pamoja na laki sita za kibubu. Deni likashuka hadi kama milioni 41. Shemeji yangu huko Chanika hunikumbusha kila sikukuu kwamba kiwanja kile leo ni milioni 25. Huenda yuko sahihi, na kwa hesabu tupu huenda tungekwenda sare au hata kupata zaidi. Lakini sikuwa nakwenda Chanika kulala. Nilikuwa nalala kwenye nyumba yenye rehani.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka, hadithi ikapoa. Mishahara iliongezeka kidogo, chumba cha uani tukakipangisha, na kwa robo mwaka tukawa tunapeleka laki tisa. Jedwali sasa lilikuwa limegeuka: sehemu kubwa ya rejesho ilikuwa inakula deni, riba imebaki kipande.

2018 tulisimama. Mama mkwe alilazwa, akatoka, akalazwa tena, na kibubu kilivunjwa katikati ya mwezi bila kanga wala sherehe. Robo tatu nzima za mwaka hatukupeleka ziada, tulilipa rejesho la kawaida tu. Nilijilaumu sana wakati ule, na sasa naona nilikosea kujilaumu. Ubaya wa kulipa mkopo kwa pupa ni kwamba hela ikishaingia kwenye salio haitoki tena. Huwezi kwenda benki kuiomba mgonjwa akizidiwa. Ningekuwa naanza upya ningeweka kwanza akiba ya miezi mitatu ya matumizi, kibubu kije baadaye, hata kama kungenichelewesha mwaka. Mama alipona. Siku hizi anaswali sebuleni.

Malipo ya mwisho yalikuwa Julai 2020, shilingi 1,072,000. Miaka saba na miezi minne badala ya 15. Kwa ratiba ya mwanzo tungelipa milioni 166. Tulilipa kama milioni 107 na nusu, ikiwemo hela ya kiwanja. Benki wakanipa barua ya kumaliza deni siku ya tatu, lakini hati ilichukua miezi minne, kwa sababu fomu ya kufuta rehani kwa Msajili wa Hati ilikosa sahihi moja na hakuna aliyenipigia kuniambia. Nilijua kwa kwenda mwenyewe kuuliza, mara ya tano.

Hati ilitoka Novemba. Mume wangu aliisoma yote akiwa amesimama, hadi namba ya kiwanja, halafu akafungua kabati la vyombo na kuanza kubandua majedwali, moja baada ya jingine, gundi inang'oka na rangi ya mlango.