Siku moja maishani mwangu katika kliniki ya watoto wenye matege

Saa moja na nusu asubuhi. Kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, mimi hupitia mafaili nikitafuta mambo manne: umri ambao matege yalionekana, umri ambao mtoto alianza kutembea, uzito wake, na iwapo umepinda mguu mmoja au yote miwili. Mara nyingi majibu hayo hunielekeza kabla sijaligusa goti lenyewe.

Saa mbili. Anaingia mtoto wa miezi 16, miguu yake yote miwili imepinda kwa kadiri iliyo sawa, na mama yake ana uso wa mtu aliyekosa usingizi. Ninamweleza kwamba watoto wachanga wengi huwa na matege, ambayo hunyooka wanapokaribia miaka 2. Kisha magoti huelekea kugusana wakiwa na miaka 3 au 4, na umbo la kudumu hupatikana karibu na miaka 7. Siagizi eksirei.

“Kwa hiyo nisimfunge miguu kwa vitambaa, Daktari?”

“Usimfunge, mama. Mrudishe baada ya miezi sita tumtazame.”

Saa tatu na nusu. Msichana huyu anakaribia miaka 3, alianza kutembea akiwa na miezi 9, na uzito wake unazidi sana ule wa rika lake. Kila anapokanyaga, goti linachomoka kuelekea nje, na nyayo zinaelekea ndani kwa sababu muundi umejisokota. Huu ni ugonjwa wa Blount, uitwao kwa jina la daktari wa Marekani aliyeueleza kwa kina mwaka 1937. Gegedu la ukuaji, yaani sehemu laini ambako mfupa hurefukia, lililo juu ya muundi hulemewa upande wa ndani na kukua polepole kuliko upande wa nje, hivyo mfupa hupinda, na kupinda huko huzidisha mzigo palepale palipolemewa. Pembe tunayoipima kwenye eksirei, inayoonyesha jinsi sehemu ya juu ya muundi ilivyoinama, ni nyuzi 17; ikiwa chini ya 11 kwa kawaida matege hunyooka yenyewe, ikizidi 16 tunatarajia yaongezeke. Tutaanza na kifaa cha kushikilia mguu, kwani tukichelewa hadi apite miaka 4, upasuaji wa kukata na kunyoosha mfupa huwa na hatari kubwa zaidi ya matege kurudi. Mama anauliza kama alikosea kumwacha atembee mapema. Namjibu kwamba hakuna mzazi awezaye kumzuia mtoto kusimama, na wengi waliotembea mapema hawaugui kamwe.

Saa tano. Mvulana mwenye vifundo vya mikono vilivyotanuka. Gegedu zake zote zimeathirika, si ya muundi pekee, kwa hiyo nashuku mifupa yake imelainika kwa kukosa vitamini au madini, na ninaagiza vipimo vya damu vya vitamini D, kalsiamu na fosfeti.

Saa nane mchana. Kijana wa miaka 13, mnene, mguu mmoja tu umepinda, na tofauti na wale wadogo, yeye analalamika maumivu. Ugonjwa wa Blount unaoanza baada ya miaka 10 huwapata zaidi wavulana wa namna yake. Nimejifunza kutoanza na mizani. Naanza na mahali panapouma, kisha namuuliza baba yake kama kijana hukoroma na kukatika pumzi usiku, jambo ambalo mtoa dawa ya usingizi lazima alijue kabla ya upasuaji. Bado ana miaka kadhaa ya kukua, hivyo huenda kibamba chenye skrubu kikatosha, kikizuia ukuaji upande wa nje ili ule wa ndani uufikie.

Saa kumi. Ninajaza daftari la wagonjwa wa Blount. Lina safu ya asili ya mgonjwa, kwa kuwa ugonjwa huu umeripotiwa zaidi miongoni mwa watoto weusi, ingawa safu hiyo haijawahi kunisaidia kuchagua matibabu ya mtoto yeyote. Penye umri wa kuanza kutembea wa yule kijana ninaandika “baba hakumbuki” badala ya kukisia. Mtoto wa miezi 16 simwandiki, maana si mgonjwa.