Siku moja na herufi @

Saa 1 asubuhi. Leo siku nzima ni ya kutengeneza gemu yangu ya kwanza ya ukoo wa Rogue: pango linalojengwa upya kila unapoanza, na ukifa umekufa, hakuna kurudi pale ulipoishia. Rogue yenyewe ilitoka 1980, kazi ya Michael Toy na Glenn Wichman walipokuwa wanafunzi, na ilichorwa kwa herufi tupu. Hilo linanipa moyo sana, maana kuchora sijui. Mchezaji atakuwa @, ukuta #, sakafu nukta.

Saa 2. Daftari kwanza. Nimeandika uchawi, maduka, mazimwi, kisha nikavikata vyote. Vimebaki vinne: kutembea, ramani, kuona, adui mmoja.

Saa 3. Nimefungua Python, lugha ya kuandikia programu, na maktaba ya tcod, yaani kodi iliyoandikwa tayari kwa gemu za aina hii, dirisha la herufi 80 kwa 50. Kabla ya saa 4 @ imeshaanza kutembea. Gemu hizi huenda kwa zamu: programu inasubiri kitufe, mchezaji anasogea, ndipo adui naye anapata nafasi yake. Kitufe sijakiacha kimsogeze mchezaji moja kwa moja. Kinazaa kitendo, na kitendo ndicho kinachokagua kama mbele kuna ukuta. Jioni adui atatumia kitendo hichohicho.

Saa 5. Ramani. Unajaza ukuta kila mahali, halafu unachimba. Chumba kinachaguliwa kwa bahati nasibu. Kikigusana na kingine kinatupwa, kisipogusana kinaunganishwa na kilichokitangulia kwa ujia wenye kona moja.

Saa 7 mchana. Baadhi ya vyumba havina mlango! Nikianzisha upya ili nichunguze, ramani inabadilika na kosa linapotea. Dawa yake ni mbegu, yaani namba inayoanzishia ile bahati nasibu. Nimeifunga kwenye 17, na sasa chumba kilekile kinajifungia kila mara.

Nimefuata programu mstari mmoja mmoja. Ujia nauchimba kwa range, amri ya Python ya kuhesabu namba, kutoka katikati ya chumba cha zamani hadi katikati ya kipya. Chumba kipya kikiwa kushoto, naiambia Python ihesabu kwa kupanda kutoka 40 hadi 12. Hapo katikati hamna namba hata moja, kwa hiyo haichimbi kitu, wala hailalamiki. Nimeiagiza ianzie kwenye namba ndogo, iishie kwenye kubwa, na nikaongeza moja kwa sababu range huiacha ile ya mwisho.

Sikuridhika kwa kuona kwa macho. Nimeandika kipimo: mwaga maji aliposimama @, yasambae kwenye sakafu yote, chumba kikibaki kikavu, ramani ni mbovu. Nimepitisha mbegu 1,000, hakuna kilichobaki kikavu. Ukianza kazi hii, weka mbegu kabla ya chochote kingine.

Saa 10 jioni. Kuona. tcod inakokotoa yenyewe mahali macho yanapofika. Nimeweka hatua 8. Kila kigae, yaani nafasi ya herufi moja kwenye ramani, kina hali moja kati ya tatu: hakijulikani, kinaonekana sasa, au kilionekana zamani na kimebaki na rangi hafifu. Nimebadilisha mistari michache tu, lakini kila kitu kimegeuka. Asubuhi nilikuwa natazama mchoro. Sasa nimesimama kwenye mdomo wa ujia niliouchimba mwenyewe na nasita kuingia.

Saa 12. Adui ni j, jini. Akikuona anakufuata, akikufikia anapiga. Nimempa mchezaji uhai 10.

Saa 2 usiku. Nimekufa mara nne, na kila mara pango jipya. Mara ya tano nilikunja kona na j alikuwa hatua mbili mbele yangu. Nikarudi nyuma hadi kwenye ujia mwembamba, nikamngoja pale, nikampiga kwanza. Nimebaki na uhai 1. Nimehifadhi kazi, na daftarini nimeandika ya kesho: ngazi ya kushukia.