Kura ya Kijiji Mwaka wa Wakashio

Jumapili ya tarehe 22 Novemba 2020 vijiji vya Morisi vilichagua mabaraza yao, na mimi, mgeni katika nchi ile, nilishinda siku nzima nikimsaidia mwanamke mmoja aliyekuwa akigombea. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya nyumba yake, katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini-mashariki, juu kidogo ya mji wa Mahébourg, nami nikimwita Tantine, yaani Shangazi, kama majirani wote walivyomwita. Katiba ya Morisi humruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola aliyekaa huko miaka 2 kujiandikisha kuwa mpiga kura, kwa hiyo hata Mtanzania kama mimi anaweza kuipata haki hiyo, lakini muda wangu ulikuwa haujatimia. Basi kazi yangu ikawa kubeba maji na vyakula, kuwasindikiza wazee hadi kwenye lango la shule iliyokuwa kituo cha kupigia kura, na kutazama.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa umechelewa. Mabaraza yaliyokuwapo yalichaguliwa Desemba 2012 kwa kipindi cha miaka 6, lakini mwaka 2018 ukapita bila kura kupigwa. Ndani ya muda huo wa nyongeza ndipo pwani yetu ikapatwa na lililoipata. Usiku wa 25 Julai 2020 meli kubwa ya Wakashio, isiyokuwa na shehena ila mafuta yake yenyewe, karibu tani 4,000, ilipanda mwamba wa Pointe d'Esny. Ikakaa pale siku 12 watu wakiitazama kutoka ufukweni, na tarehe 6 Agosti mafuta mazito yakaanza kuingia ghubani, kwenye mikoko na kwenye madiko ya wavuvi. Takriban tani 1,000 zilimwagika.

Tantine alikuwa mshonaji. Watu walipoanza kutengeneza vizuizi vya kuelea ili kuyazuia mafuta, yeye aliitoa cherehani yake barazani akawa anashona mifuko mirefu ya kitambaa, mipana kama paja la mtu mzima, nasi tukiijaza majani makavu ya miwa na kuifungia chupa tupu za plastiki ili isizame. Harufu ya mafuta ilikuwa kali hata sindano zilinuka. Usiku tuliibeba mifuko ile mabegani hadi dikoni, kwa njia nyembamba isiyokuwa na taa hata moja, na mara mbili tatu mtu alianguka na mzigo wake. Ninaamini Tantine alianza kugombea usiku ule, ingawa yeye mwenyewe hakulitamka neno hilo hadi Oktoba.

Ili msomaji aelewe kilichonivutia, sina budi kueleza utaratibu wao. Kila baraza la kijiji lina madiwani 9, na mpiga kura huwachagua kwa majina yao. Vyama vikubwa vya siasa haviweki wagombea rasmi katika uchaguzi huu. Watu wa kijiji hujikusanya wenyewe katika makundi, kila kundi likapewa alama yake, na anayetaka kusimama peke yake husimama peke yake. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2011 inalikataza kundi lenye wagombea zaidi ya 2 kuwa na zaidi ya theluthi mbili za jinsia moja, na bila shaka sharti hilo ndilo lililowafanya wanaume wa mtaani kubisha hodi kwa Tantine. Kila mtu alijua kundi lipi linapendwa na chama kipi, hilo halikuwa siri. Hata hivyo mshonaji asiye na kadi ya chama chochote aliweza kujaza fomu na jina lake likachapishwa kwenye karatasi ya kura.

Mimi ni mtu wa Pemba. Kwetu sheha, ambaye ndiye serikali ya karibu kabisa na mlango wa mtu, huteuliwa, hapigiwi kura. Udiwani unapigiwa kura, lakini hakuna mgombea binafsi: lazima udhaminiwe na chama. Na tarehe 28 Oktoba mwaka ule ule Tanzania ilikuwa imefanya uchaguzi wake mkuu, nami nikiwa mbali, nisiye na namna ya kupiga kura nikiwa nje ya nchi, nikihangaika na simu kwa sababu mitandao ya kijamii nyumbani ilikuwa imezorota na ujumbe haufiki. Nilikuwa bado na uchungu huo mbichi nilipoanza kuzunguka na Tantine nyumba kwa nyumba. Huenda ndiyo maana jambo ambalo wenyeji waliliona dogo, mimi niliona ni kubwa sana, na hata leo sijabadilisha mawazo.

Jioni moja tulifika kwa mzee mmoja mvuvi aliyekuwa ameketi juu ya ngalawa iliyopinduliwa, maana kazi ya bahari ilikuwa haijarudi kama zamani. Tantine alimpa karatasi yenye picha za wagombea 9 wa kundi lao. Mzee aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kwa Kikrioli, bila hasira lakini bila kupepesa macho: “Nikikuchagua, utaizuia meli?”

Wenzake Tantine wawili walianza kuzungumza kwa pamoja juu ya serikali na fidia. Yeye akawanyamazisha kwa mkono. “Meli siwezi kuizuia,” alisema. “Baraza la kijiji halina uwezo huo, na atakayekuambia linao anakudanganya. Lakini ile njia ya dikoni haina taa, na mtaro wake umeziba tangu kimbunga cha zamani. Mwezi wa nane tulianguka pale tukibeba mifuko. Hilo ninaliweza, au walau nitawasumbua watu wa baraza la wilaya mpaka walifanye.” Mzee aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Hakuahidi kitu.

Nilijifunza zaidi katika mazungumzo yale mafupi kuliko katika mikutano yote ya hadhara niliyowahi kuhudhuria. Mabaraza yale yana fedha chache, na mambo mengi lazima yapitie baraza la wilaya, ambako kila kijiji hupeleka mwakilishi mmoja. Sioni kuwa udogo huo ni sababu ya kuyadharau. Mtu aliyeomba kura kwa ajili ya taa ya njia fulani anaweza kuulizwa habari za taa hiyo na kila apitaye njiani, na hana pa kujificha kwa kuwa naye anakaa mtaa huo huo.

Siku ya kura ilikuwa na joto jingi. Wazee na wanawake walitangulia mapema. Vijana walikuja kwa kuchelewa, wengi wao wakitokea ufukweni. Nje ya eneo lililokatazwa kampeni, watu wa makundi mawili yaliyokuwa yakishindana kijijini walikuwa wakila bajia za dengu kutoka beseni moja, ingawa asubuhi ile ile walikuwa wamegombana juu ya bango. Bibi mmoja niliyemshika mkono alilalamika njia nzima kwamba karatasi ya kura ni ndefu mno, kwa sababu alikuwa na majina yake 9 kichwani na majina hayo yalikuwa yametawanyika katika makundi yote mawili. Alikuwa amechagua jirani mmoja huku, mpwa wake kule, na mwalimu aliyemsomesha mwanawe.

Kura zilihesabiwa kesho yake, Jumatatu. Kazi ilikwenda polepole, kwa kuwa kila karatasi inaweza kubeba kura za watu 9 na mawakala wanataka kuona kila alama. Sikuruhusiwa kuingia, nilikaa nje chini ya mti pamoja na mume wa Tantine, ambaye tangu asubuhi hakuweza kula. Alasiri Tantine alitoka akiwa ameshika karatasi aliyoandika hesabu kwa mkono wake. Kundi lao lilikuwa limepata viti 5, kundi jingine 4, na yeye alikuwa wa nane. Kiongozi wa kundi lao, aliyetumia fedha nyingi kuliko wote, alikuwa ameanguka, na uso wake ulikuwa mgumu kuutazama.

Tuliporudi kijijini watu walitoka na ngoma na honi za pikipiki. Katikati ya kelele hizo yule mzee mvuvi alipenya, akampa Tantine mkono, akampongeza kwa maneno machache, kisha akamuuliza kikao cha kwanza ni lini na kama mtu wa kawaida anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Tantine alimjibu kwamba tarehe haijapangwa, kwa sababu madiwani lazima kwanza wamchague mwenyekiti miongoni mwao, na ya kuingia hajui, lakini atauliza. Mzee akasema atarudi Jumatano kuchukua jibu.