Daftari langu la Kijapani nimeliandika Kiswahili

Aprili hii naanza chuo chenyewe, yaani fizikia na hesabu kwa Kijapani kuanzia asubuhi mpaka jioni, na mwaka wa matayarisho hapa Osaka ndo unaishia hivi. Kwa ambao hawajui utaratibu, ukija Japani na skolashipu ya serikali yao ile ya Monbukagakusho kwa digrii ya kwanza hawakuingizi chuoni moja kwa moja, mwaka wa kwanza wote unapigishwa lugha, wengine Tokyo wengine huku Osaka, na sisi wa sayansi tunaongezewa hesabu, fizikia na kemia humohumo, afu ndo unapelekwa chuo chako. Nilianza na herufi za kwanza kabisa na saa hizi nipo kwenye ile levo wanayoiita chūkyū, ya kati, nasoma habari ya gazeti taratibu na nikikwama najua nimekwamia wapi. Nataka niyaandike haya mapema kabla masomo hayajanimeza.

Jambo kubwa nililolipata mwaka huu ni kwamba Kiswahili ni mtaji kwenye Kijapani, tena mtaji mkubwa, na sikuwahi kumsikia mtu akilisema.

Darasani kwetu kila mtu alikuja na urithi wake. Wachina kanji ni maandishi ya kwao, wanasoma maana ya tangazo hata kabla hawajajua linatamkwaje. Wakorea na Wamongolia kitenzi kwao kinakaa mwisho wa sentensi kama Kijapani, kwa hiyo wanaongea bila kuzipindua fikra zao. Mvietnamu hasomi kanji lakini maneno anayo, Wajapani wanasema chūi (tahadhari) kwao ni chú ý, wanasema junbi (matayarisho) kwao ni chuẩn bị, anabahatisha na anapatia. Afu sisi wa Afrika Mashariki tunapewa kitabu cha maelezo ya sarufi cha Kiingereza na inachukuliwa tu kwamba Kiingereza ndo mlango wetu. Mlango huo ni mwembamba jamani, kuna sehemu nyingi za Kijapani Kiingereza kinazieleza kwa ukurasa mzima wakati Kiswahili kinazimaliza kwa neno moja.

Tuanzie kwenye sauti. Herufi zao za sauti zipo seti mbili, hiragana za msingi 46 na katakana 46, na karibu zote ni konsonanti na irabu yake, na irabu ni zilezile zetu tano. Hilo kila Mswahili analigundua siku ya kwanza. Ambalo watu hawalisemi ni mizani. Aliyewahi kuhesabu mizani za shairi kwenye somo la Kiswahili anajua kwamba "mtu" ni mizani mbili, m-tu, na "kaa" ni mbili, ka-a. Wajapani wanahesabu hivyohivyo, "n" ya peke yake ni mizani kamili na irabu ndefu ni mbili, na ukikosea urefu umesema kitu kingine. Sensei wetu alikuwa anapiga meza kwa kidole, kite (njoo) pigo mbili, kiite (sikiliza) tatu, kitte (kata) tatu pia ila pigo la katikati ni kimya. Wenzangu waliozoea Kiingereza wanavuta na kukata maneno wanavyojisikia, wao ilikuwa kazi ngumu kwelikweli. Mimi hicho kimya cha katikati ndo kilinipa shida maana kwetu hamna, lakini kiite ilikuwa imeshakaa sikioni tangu darasa la tano.

Kore, sore, are. Hiki, hicho, kile. Kiingereza kina viwili tu, cha karibu na cha mbali, kwa hiyo kitabu kinachora michoro ya watu wamesimama huku na kule kueleza sore. Mi niliandika pembeni "hicho" nikafunga ukurasa. Hata ile sore ya kurudia jambo ulilokwisha kulitaja kwenye mazungumzo, nayo ni "hicho" au "hilo" yetu.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya nianze daftari. Chuo Kikuu cha Osaka kina kitivo cha lugha za kigeni, zamani kilikuwa chuo kinachojitegemea mpaka 2007, na Kiswahili kinafundishwa pale kama somo kuu, Wajapani vijana wanakaa na ngeli zetu miaka minne! Nikapata rafiki pale, tunakutana kantini, nusu saa Kiswahili nusu saa Kijapani. Siku moja akaja na swali, kwa nini mtu aliye kwenye kiti ni "amekaa" na siyo "anakaa", mbona -me- kaambiwa ni tendo lililokwisha? Nikatafuta maelezo, nikaona njia fupi ni kumwambia kwa kwao, "amekaa" ni suwatte iru. Akanyamaza kidogo, afu akaanza kuorodhesha mwenyewe kwa kasi, tatte iru amesimama, kite iru amevaa, nete iru amelala, shinde iru amekufa, kekkon shite iru ameoa. Zote -me-! Kalamu yake ilikuwa haiinuki kwenye karatasi, na mimi upande wangu ndo nilikuwa naona mlango unafunguka, kwa sababu hiyo -te iru ilikuwa imenisumbua wiki kadhaa. Maelezo ya Kiingereza yanasema mara ni tendo linaloendelea, mara ni hali iliyotokana na tendo, ujue mwenyewe lini ni lipi. Tabete iru anakula, linaendelea, sawa. Lakini suwatte iru? Kwa Kiingereza mtu aliyekaa naye anasemwa kama vile bado anaendelea kukaa, kwa hiyo ukitafsiri kupitia huko tofauti huioni kabisa. Pitia Kiswahili, ukiona mdomo wako wenyewe umesema -me- basi ndo hiyo ya hali. Vipo vinavyokataa, sunde iru kwetu ni anaishi, shitte iru ni anajua, lakini vingi vinatii.

Kuanzia siku hiyo nikaacha kuandika noti kwa Kiingereza.

Vitenzi vya jozi, ambavyo darasa zima lilikuwa linavilalamikia, vikawa burudani. Kowasu kuvunja, kowareru kuvunjika. Kesu kuzima, kieru kuzimika. Otosu kuangusha, ochiru kuanguka. Okosu kuamsha, okiru kuamka. Dasu kutoa, deru kutoka. Kaesu kurudisha, kaeru kurudi. Mtu wa Kiingereza anavunja na kuvunjika kwa kitenzi kilekile, hana pa kushika, sisi tumeshagawana hayo tangu utotoni. Viambishi vyao havina mpangilio mzuri kama -ika na -isha zetu kwa hiyo lazima ukariri, ila unakariri ukijua unachokariri ni nini, na hiyo ni nusu ya kazi.

Na kilichonigusa zaidi ni kauli ya kutendewa. Wajapani kauli hiyo wanaiita ukemi, na wana mmoja wanauita meiwaku no ukemi, wa kero, pale mtu anapofikwa na jambo ambalo halikufanywa hata kwake moja kwa moja. Kwenye maelezo ya Kiingereza unakuta tahadhari nyingi, kwamba muundo huu ni wa ajabu, kwamba kitenzi kisicho na yambwa eti kinatendwa. Ajabu gani? Chichi ni shinareta, nimefiwa na baba. Ame ni furareta, nimenyeshewa na mvua. Tsuma ni nigerareta, kakimbiwa na mkewe. Saifu o nusumareta, nimeibiwa pochi, mimi ndo nimeibiwa, mlalamikaji ni mimi na pochi imebaki pale pale na ile o yake ya yambwa. Hata "ni" yao inakaa kwenye kiti cha "na" yetu. Nilizisoma sentensi hizo chumbani usiku na kwa kweli nilipata furaha ya ajabu, lugha mbili ambazo hazina undugu wowote wa damu, moja Kibantu nyingine ya visiwa vya huku mwisho wa dunia, zimeona mambo yaleyale kuhusu msiba na mvua, kwamba kifo cha mzazi ni jambo linalomfika aliyebaki na lazima kitenzi kiseme hivyo.

Kuna pa kutokusaidiwa pia na sitaki nimdanganye mtu. "Chuoni" yetu ni moja tu, nipo chuoni, nasoma chuoni, naenda chuoni, wao wanazigawa kwa vijineno vitatu kwa mpangilio huohuo, "ni", "de", afu "ni" au "e", na mpaka leo nafikiri kabla sijasema. "Kitabu nilichonunua jana" kwao ni kinō katta hon, jana-nilinunua-kitabu, na sentensi ya gazeti inaweza kubebesha mistari mitatu mbele ya nomino moja, unasoma weee hujui habari ni ya nani mpaka ufike mwisho. Kuhesabu vitu kwa umbo, hon za virefu, mai za bapa, hiki za wanyama wadogo, aliyelelewa na ngeli haimshangazi ila lazima akariri.

Levo ya kati ni habari nyingine. Mwanzoni kila siku unaona umesogea, kati unasoma mwezi mzima unajiona upo palepale. Sarufi inapungua, maneno ndo yanafurika, na mengi ni yale ya asili ya Kichina ambayo kwenye mazungumzo ya kantini huyasikii sana lakini kwenye gazeti na kitabu cha chuo yamejaa. Kanji za matumizi ya kawaida kwa orodha ya serikali yao ni 2136, mtoto wa shule ya msingi anazimaliza 1026. Hapa nako kuna kitu kilinishika mkono. Sisi tuna hukumu, hakimu, mahakama, tunajua ni mzizi mmoja wa Kiarabu bila kufundishwa Kiarabu. Kichina kwa Kijapani kimekaa vilevile. Ukishaijua gaku 学, ya elimu, unaziona gakusei (mwanafunzi), daigaku (chuo kikuu), kagaku (sayansi) zimepanga foleni. Na levo ya kati ndo nilianza kuona kwamba ndani ya kanji mara nyingi kuna kipande cha maana na kipande cha sauti, chukua 青, inasomeka sei, afu 清 yenye maji pembeni ni sei ya usafi, 晴 yenye jua ni sei ya anga kutakata, 請 yenye maneno pembeni ni sei ya kudai, ile iliyopo kwenye seikyūsho, ankara. Kanji nisiyoijua sasa naitamka kwanza kwa kukisia, afu ndo nafungua kamusi ya kwenye simu, na mara nyingi nimepatia.

Mtihani wa JLPT, ule wa kupima Kijapani cha wageni kwa levo za N5 mpaka N1, ni wa kuchagua majibu tu, huongei wala huandiki sentensi hata moja, kwa hiyo ufanye lakini usiutegemee. Kuongea nimekupata mtaani. Huku Osaka wana Kijapani chao, "ngapi" darasani ni ikura mtaani ni nanbo, wakaranai (sielewi) inakuwa wakarahen, na kwenye treni mama mmoja mtu mzima aliniuliza "doko kara kihattan?", umetoka wapi, na ile haru yao ya heshima ambayo kwenye kitabu changu haimo. Nilimjibu Tanzania, akafungua mkoba akanipa pipi, akaniita neechan, yaani dada, tukaongea mpaka anashuka, kuhusu joto, kuhusu mama yangu, kuhusu kama nakula vizuri. Nilielewa karibu yote. Nilishuka kituo changu nikampigia mama.

Mwezi huu nimeuweka kwa ajili ya maneno ya sayansi. Nimeanza na elementi, kwa sababu baadhi yake zinaishia na so 素 na herufi yake ya kwanza inakueleza habari yake, tanso kaboni ina kanji ya mkaa, suiso haidrojeni ina ya maji, chisso naitrojeni ina ile ya kukosa pumzi, maana ndani yake kiumbe hakipumui. Daftarini zimekaa safu tatu, kanji, matamshi, Kiswahili. Gesi nimezimaliza, nipo kwenye metali.